SOMO LA MWEZI: VITABU VYA KWAYA VYA MFALME

Wengi wetu tulivuka mpaka bila kitabu cha nyimbo. Nyimbo tulizokuja nazo zilikuwa kichwani tu. Kwa hiyo tujifunze habari za vitabu vya kwaya vya Uingereza, wakati wa wafalme wa ukoo wa Tudor (1485–1603).

1. Fadhili ya mfalme
Wafalme hao waliwalipa waimbaji mshahara ili wamwimbie Mungu kila siku. Vitabu viliandikwa kwa mkono juu ya ngozi za wanyama, na herufi za mwanzo zikapambwa kwa rangi. Kitabu kimoja kikubwa kilitosha kwaya nzima: kila sauti iliandikwa mahali pake katika kurasa mbili zilizofunguliwa, na wote wakasoma humo kwa pamoja. Katika chuo cha Eton, kilichoanzishwa na Mfalme Henry VI mwaka 1440, kiliandikwa kitabu cha namna hiyo karibu na mwaka 1500. Kilikuwa na nyimbo 93.

2. Wimbo uliovuka mipaka
Mfalme Henry VIII na mkewe Catherine wa Aragon waliandikiwa kitabu kingine, katika karakana ya Petrus Alamire huko Mechelen, ng'ambo ya bahari. Kina nyimbo 34. Kurasa za mwanzo zimechorwa waridi la mfalme na komamanga la malkia. Humo mna wimbo wa kuomba mtoto, uliotungwa kwanza kwa ajili ya mfalme na malkia wa Ufaransa. Mwandishi alibadilisha majina tu. Baadaye, mwaka 1533, ndoa ya Henry na Catherine ilibatilishwa. Komamanga bado lipo kitabuni.

3. Amri ya mfalme
Mwaka 1547 Edward VI, mwana wa Henry, alitawazwa akiwa na miaka 9. Ibada zikageuzwa kuwa za Kiingereza, na mwaka 1550 sheria ikaamuru vitabu vya ibada vya Kilatini viharibiwe. Vingi vilichanwa, na ngozi zake nyingine zikatumika kujalidi vitabu vingine. Kiti kile kile cha enzi kilichovifadhili ndicho kilichoviangamiza. Kitabu cha Eton kiliokoka, lakini kati ya karatasi zake 224 zimebaki 126, na kati ya nyimbo 93 zimebaki 64, nyingine zikiwa vipande tu. Wimbo ulioandikwa katika kitabu kimoja tu ulipotea pamoja nacho.

4. Sisi tufanyeje?
Ndugu, hatuna mfalme wala dhahabu. Tuna madaftari na kalamu. Bibi na babu zetu wanajua nyimbo ambazo hazijaandikwa popote, na wakilala mauti tutazizika pamoja nao. Kila kwaya ichague vijana wawili wakae na wazee, waandike maneno, na jina la mtunzi kama linajulikana. Kila wimbo unakiliwe katika madaftari matatu, yakae katika nyumba tatu tofauti. Siku ya kurudi nyumbani, au ya kuhamia nchi nyingine, kila mmoja aondoke na nakala yake.

Maswali ya kujadili nyumbani:
– Ni wimbo gani unaojulikana na mtu mmoja tu katika jamaa yetu?
– Nani atakaa naye juma hili auandike?

Bwana awabariki.