Chai ya Mtoto Isitangulizwe

Katika nyumba nyingi za Kapkatet, siku huanza na sufuria ya chai. Mzazi anayewahi kuchuma majani huacha birika jikoni, na mtoto hunywa kikombe chake akila kiazi au mkate. Wengi huona hicho ni kiamsha kinywa kamili. Lakini chai ina tanini, ambazo hushika madini ya chuma yaliyo katika chakula yasiingie vizuri mwilini. Mtoto akipungukiwa na chuma, damu yake hupungua. Huchoka upesi, huketi kando wenzake wakicheza mpira, na darasani huitwa mvivu.

Mtoto mdogo apewe uji badala ya chai. Mkubwa anayeipenda anywe saa moja hivi baada ya kula. Managu na saga zinazoota karibu na nyumba zina chuma, na pera au chungwa likiliwa pamoja nazo husaidia mwili kuipokea. Maziwa nayo yasiende yote kwa chama cha ushirika. Kikombe cha mtoto kipimwe kwanza. Baba akisukuma mboga kando ya sahani, mtoto naye atasukuma.

Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili dakika 60 kila siku. Wanaotembea kwenda shule wameshaanza. Wa bodaboda wapewe muda wa kucheza jioni.

Mtoto mwenye viganja vilivyopauka apelekwe hospitali ya Kapkatet au zahanati iliyo karibu apimwe damu.