Huduma za Mtandaoni ni Haki ya Kila Mkazi, Pamoja na Wenye Ulemavu

Leseni ya biashara, fomu ya basari, tangazo la kazi na ilani ya kikao cha maoni ya umma siku hizi hupatikana kwa simu au kompyuta. Hatua hiyo imewapunguzia wengi nauli na foleni. Hata hivyo, kwa mkazi asiyeona, asiyesikia au mwenye mikono isiyo na nguvu, huduma inaweza kuwa imefungwa ingawa tovuti iko wazi usiku na mchana.

Chukua mfano wa fomu ya basari iliyopitishwa kwenye skana na kuwekwa kwenye tovuti kama picha. Mzazi asiyeona hutumia programu ya kusoma skrini, ambayo hutamka maneno yaliyoandikwa. Ikikuta picha tupu, programu hiyo haina la kusoma. Mzazi hajui fomu inataka nini wala siku ya mwisho ya kuirejesha. Asipopata wa kumsomea, mtoto anakosa karo. Akimpata, analazimika kumfungulia mtu mwingine siri za mapato na nyumba yake.

Kuzuia hali kama hiyo ndiyo maana ya ufikivu wa kidijitali: kutengeneza tovuti, programu za simu, nyaraka na video ili kila mtu aweze kuzitumia mwenyewe.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, pamoja na kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataja waziwazi intaneti na teknolojia ya mawasiliano, sambamba na majengo na usafiri. Nchini, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003.

Viwango vinataka nini

Sheria hutoa haki. Kiwango huwaonyesha mafundi namna ya kuitimiza. Mwaka 2022 Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini, KEBS, lilitoa kiwango KS 2952 kuhusu ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia ya habari na mawasiliano. Afisi inayonunua mfumo mpya inaweza kukiweka katika masharti ya zabuni, ili ufikivu ukaguliwe kabla ya malipo. Kurekebisha mfumo uliokwisha kujengwa ni kazi kubwa zaidi.

Kimataifa, mwongozo wa tovuti unaotumika sana ni WCAG. Una misingi minne:

1. Yaliyomo yaweze kutambuliwa. Picha iwe na maelezo ya maandishi, na video iwe na manukuu kwa asiyesikia. Maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1.
2. Yaweze kutumika. Asiyeweza kushika kipanya aweze kujaza fomu yote kwa kibodi.
3. Yaeleweke. Mtu akikosea, aelezwe kosa liko wapi. Kugeuza kisanduku kuwa chekundu hakumsaidii asiyeona rangi hiyo.
4. Yafanye kazi na vifaa mbalimbali, zikiwemo programu za kusoma skrini.

Manufaa hayaishii kwa wenye ulemavu. Mzee aliyesahau miwani na mwuza mboga anayesoma simu juani wote wanahitaji maandishi yanayoonekana vizuri. Tangazo lililoandikwa pia hutumia data kidogo kuliko lile lililowekwa kama picha.

Jipime mwenyewe

Mkazi yeyote, chama au biashara inaweza kukagua ukurasa wake bila gharama. Kwenye simu ya Android, fungua mipangilio na uwashe TalkBack. Kwenye iPhone, washa VoiceOver. Ukigusa mara moja, simu itakusomea. Gusa mara mbili ndipo ufungue. Funga macho, kisha jaribu kufika mwisho wa fomu. Kwenye kompyuta, weka kipanya kando utumie kitufe cha Tab. Kwa video, zima sauti uone kama bado unaelewa ujumbe.

Ukikwama, fanya hivi

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika kwa sababu ya ulemavu au kutojua kusoma ana haki ya kusaidiwa: afisa wa habari anatakiwa kupokea ombi kwa njia inayomfaa, aliandike, kisha ampe nakala. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48.

Usiporidhika na uamuzi, unaweza kuomba upitiwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana pia kama Ofisi ya Ombudsman. Fanya hivyo ndani ya siku 30 baada ya kujulishwa uamuzi.

Unapolalamika, taja ukurasa au fomu yenyewe, kifaa unachotumia na mahali ulipokwama. “Kitufe cha kutuma hakisomwi na TalkBack” humpa fundi mahali pa kuanzia. Eleza pia unavyotaka kuhudumiwa wakati marekebisho yanaendelea: kusomewa kwa simu, kupewa nakala ya Breli au kupata mkalimani wa lugha ya ishara. Fomu yenye siku ya mwisho haimsubiri fundi, kwa hiyo peleka ombi lako mapema.