Kuta Zinazosomeka: Ziara ya Mafunzo katika Magofu ya Gedi, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara

Mwalimu wa sekondari anayewapeleka wanafunzi wake kwenye magofu ya pwani ya Afrika Mashariki kwa kawaida huwa amekusudia kuwafundisha historia. Wanafunzi hutembezwa na kiongozi, husikia majina ya masultani, hupiga picha, kisha hurudi shuleni kuandika insha ya kurasa mbili. Hasara yake ni kubwa, kwa sababu magofu hayo ni maabara pia. Ndani ya ukuta mmoja uliobomoka mna kemia, fizikia, hisabati na jiolojia ya kutosha muhula mzima, nayo ni elimu iliyotumiwa na watu wa pwani hii wenyewe, kwa vifaa vilivyotoka katika bahari yao na mikoko yao. Makala haya yanaeleza mambo ambayo kikundi kidogo chenye kiongozi wake kinaweza kuyapima na kuyatafakari katika sehemu tatu: Gedi nchini Kenya, na Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara nchini Tanzania. Neno "kidogo" limetumiwa kwa makusudi. Wanafunzi mia moja wanaopita mlangoni kwa foleni hawaoni kitu. Kumi na watano wenye utepe wa kupimia na daftari wanatosha.

Gedi umo msituni, karibu na Watamu, kiasi cha kilometa 16 kusini ya Malindi. Ulianza kukaliwa karne nyingi zilizopita, ukastawi katika karne ya 14 na ya 15, na watu wakauhama kabisa mapema katika karne ya 17. Magofu yake yalitangazwa rasmi kuwa ya kuhifadhiwa mwaka 1927. Mwaka 1948 James Kirkman alianza kuyachimbua kwa utaratibu wa kitaalamu. Na mwaka 2024 yakaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Jambo la kwanza linalomkabili mgeni ni kwamba mji huu una kuta mbili, ya nje na ya ndani.

Ukuta wa nje unazunguka eneo la hekta 18 hivi. Je, ukuta huo una urefu gani? Mwanafunzi anaweza kupata jibu la awali kabla hajatoka darasani. Miongoni mwa maumbo yote yenye eneo moja, lenye mzingo mfupi kabisa ni duara. Hekta 18 ni meta za mraba 180,000. Duara la eneo hilo lina nusu kipenyo cha meta 239 hivi, na mzingo wake ni meta 1,500. Kwa kuwa mji wa Gedi si duara, ukuta wake hauwezi kuwa mfupi kuliko kilometa moja na nusu. Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kwamba kimo chake kilikuwa meta 2.5 na unene wake nusu meta, basi ujazo wa mawe na chokaa unazidi meta za ujazo 1,800. Mawe hayo yalichimbwa kwa mikono, yakabebwa, yakapangwa na kushikizwa kwa chokaa iliyochomwa kwa kuni. Mji usio na watu wengi, chakula cha ziada na uongozi unaotii­wa hauwezi kufanya kazi hiyo.

Lakini ukuta ulikuwa wa nini? Viongozi wengi hujibu upesi kwamba ulizuia maadui. Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi. Ukuta wa Gedi si mnene kama wa ngome, wala hauna handaki mbele yake. Huenda kazi yake kubwa ilikuwa kutenganisha: wa mjini na wa shamba, wenye nyumba za mawe na wenye nyumba za udongo, bidhaa zilizokwisha lipiwa ushuru na zisizolipiwa. Ukuta wa ndani, ambao umezunguka msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba za matajiri, unazidi kuonyesha hayo. Wanafunzi waachwe wajadiliane papo hapo, na kila mmoja aonyeshe kwa kidole ushahidi anaoutegemea.

Karibu na jumba la mtawala lipo kaburi ambalo juu yake imeandikwa tarehe: mwaka 802 wa Hijria. Hili ni zoezi zuri la hesabu. Mwaka wa mwezi una siku 354 na ziada kidogo, nao wa jua una siku 365 na robo pungufu. Kwa hiyo mwaka wa Hijria ni sawa na 0.9702 ya mwaka wa jua. Hijria ilianza katikati ya mwaka 622. Hadi mwaka 802 unaingia, miaka 801 ya Hijria ilikuwa imekwisha pita. 801 mara 0.9702 ni 777.1, na ukijumlisha 622.5 unapata 1399.6. Ndiyo kusema mwaka 802 uliingia katika nusu ya pili ya mwaka 1399. Kaburi hilo ni nguzo ya kalenda nzima ya Gedi, kwani vitu vinavyopatikana chini ya sakafu ya wakati wake ni vya kabla ya hapo, na vilivyo juu ni vya baadaye.

Pasipo na maandishi, mchimbaji hutegemea vigae. Gedi umetoa kaure nyingi za Kichina, za kijani na za buluu na nyeupe, ambazo mitindo yake inajulikana nyakati zake. Kanuni inayotumika ni nyepesi kuieleza na rahisi kuisahau: tabaka la udongo haliwezi kuwa la kale kuliko kitu kipya kabisa kilichomo ndani yake. Bakuli moja la karne ya 13 halithibitishi kwamba nyumba ni ya karne hiyo, maana vyombo vya thamani vilirithishwa. Njia nyingine ni ya kaboni 14, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mkaa wa jikoni wenye umri wa miaka 600 bado una kiasi cha asilimia 93 ya kaboni 14 yake ya mwanzo. Upungufu ni mdogo, na ndiyo sababu kipimo hicho huja na kiasi cha kukosea cha miaka makumi kadhaa. Kwa mji ulioishi karne tano, miaka makumi kadhaa si kitu cha kupuuzwa.

Inafaa hapa kutaja jambo ambalo mwalimu asilikwepe. Kitabu cha Kirkman kilichotoka mwaka 1954 kiliuita Gedi mji wa Waarabu, na kwa miaka mingi miji yote ya namna hii ilielezwa hivyo. Utafiti wa baadaye, ukiwamo uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga katika kisiwa cha Pate miaka ya 1980, ulionyesha vijiji vya udongo na miti vikikua polepole hadi kuwa miji ya mawe, mahali pale pale, huku vyungu vya kienyeji vikiendelea kutengenezwa tangu chini hadi juu. Waliojenga walikuwa Waswahili, watu wa hapa, walioupokea Uislamu na kufanya biashara na bahari nzima. Wageni walikuwapo, wakaoa na kukaa. Jambo hilo halimfanyi mwenye nyumba kuwa mgeni.

Kisima kilicho karibu na msikiti mkuu wa Gedi kinastahili nusu saa nzima. Maji ya mvua hupenya katika jiwe la matumbawe, yakakaa juu ya maji ya chumvi yaliyomo ardhini, kwa sababu ni mepesi zaidi: maji matamu yana densiti ya 1.000, ya bahari 1.025. Tofauti hiyo ndogo ina matokeo makubwa. Gawanya 1.000 kwa 0.025, utapata 40. Maana yake, kwa kila meta moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna meta 40 hivi chini yake. Na kinyume chake: maji yakivutwa hadi usawa ukashuka kwa meta moja, mpaka wa chini hatimaye hupanda kwa meta 40, na chumvi huanza kuonekana ndooni. Kirkman aliona dalili kwamba kisima kiliongezwa kina, akahisi kwamba kushuka kwa maji kulichangia watu kuuhama mji. Wengine wamesisitiza vita vya mwishoni mwa karne ya 16, mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini, na kuhama kwa Wareno na mtawala wa Malindi kwenda Mombasa katika miaka ya 1590. Sababu hizi hazipingani. Mji wenye maji tele huvumilia vita, na mji wenye amani huweza kuchimba visima vipya. Mji uliokosa vyote viwili hauna la kufanya.

Kutoka Gedi hadi Kilwa ni safari ndefu, na si kila shule itaimudu. Shule za Lindi na Mtwara zianzie huku. Kilwa Kisiwani panafikiwa kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, ambako kibali na kiongozi hupatikana pia. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akausifu mji. Wakati huo alitawala al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane. Utajiri wake ulitoka hasa katika dhahabu iliyopitia Sofala. Sarafu ya shaba ya sultani huyo imepatikana mbali sana bara, katika magofu ya Great Zimbabwe. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji. Historia hiyo imo katika vitabu vya shule, na haina haja ya kurudiwa.

Songo Mnara haumo vitabuni sana, ilhali kwa mwanafunzi wa sayansi ndio bora kuliko yote. Ni mji uliojengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuachwa mapema katika karne ya 16. Kwa hiyo haukujengwa upya mara kwa mara, na ramani yake bado inasomeka. UNESCO inahesabu misikiti mitano, jumba kubwa na nyumba 33 hivi za mawe, zote ndani ya kuta. Wachimbaji waliofanya kazi huko tangu mwaka 2009 walipima sumaku ya ardhi na kuchunguza udongo wa viwanja vilivyoonekana vitupu, wakatambua kwamba palikuwa na nyumba za udongo na shughuli nyingi. Uwanja mtupu kwa macho si lazima uwe mtupu.

Wanafunzi wapime upana wa vyumba. Watakuta vyumba virefu lakini vyembamba, mara nyingi chini ya meta tatu, na upana huo unarudiwa nyumba hadi nyumba. Sababu yake imo katika paa. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, juu yake vipande vya mawe, kisha tabaka nene la chokaa. Kwa mzigo uliosambaa sawasawa, nguvu ya kuipinda boriti huongezeka kwa kipeo cha pili cha urefu wake, na kubonyea kwake katikati huongezeka kwa kipeo cha nne. Chumba cha upana mara mbili kingehitaji boriti istahimili nguvu mara nne, nayo ingebonyea mara kumi na sita. Fundi hakuandika mlinganyo huo, ila aliujua kwa mikono yake. Darasani jambo hili hujaribiwa kwa rula ya meta moja iliyowekwa juu ya matofali mawili: mzigo mmoja ukining'inizwa katikati, kuongeza nafasi maradufu huongeza kubonyea mara nane. Mwanafunzi aeleze kwa nini ni nane na si kumi na sita.

Mawe yenyewe ni ya aina mbili. Kuta zilijengwa kwa jiwe gumu la matumbawe ya kale, lililochimbwa nchi kavu. Mihrabu, vizingiti na zidaka zilichongwa kwa tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa hai. Likiwa bichi hukatika kwa urahisi, na likikauka huwa gumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la kuni hadi joto la nyuzi 900 za Selsiasi hivi. Kila kilo 100 za kalsiamu kabonati safi hutoa kilo 56 za kalsiamu oksaidi na kilo 44 za kabonidayoksaidi. Ikitiwa maji hufura na kutoa joto kali, ikawa kalsiamu haidroksaidi. Ikipakwa ukutani huivuta tena kabonidayoksaidi kutoka hewani na polepole kurudi kuwa jiwe. Jaribio la kudondosha asidi hafifu na kuona povu lifanywe shuleni kwa gamba la chaza. Lisifanywe kamwe ukutani.

Kemia hiyo hiyo inaeleza makosa ya baadhi ya matengenezo ya zamani. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe, wala haipitishi unyevu kwa urahisi. Ikizibwa juu ya ukuta wa kale, maji ya chumvi yaliyomo ndani hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe; maji hukauka, chuvi hugeuka fuwele, fuwele hukua katika vitundu, na uso wa jiwe hubanduka. Kiraka hubaki kizima huku ukuta ukiisha. Ndiyo maana mafundi wa sasa wamerudia chokaa.

Hatari nyingine ni bahari. Sehemu ya Gereza la Kilwa Kisiwani imekwisha angushwa na mawimbi, na maji ya mvua yamekuwa yakila mteremko wa Husuni Kubwa. Magofu ya Kilwa na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004. Yaliondolewa humo mwaka 2014, baada ya kuta kuimarishwa, vizuizi vya mawimbi kujengwa na mikoko kupandwa ufukoni. Mikoko hiyo, ambayo zamani ilibeba dari, sasa huyapunguza nguvu mawimbi kwa mizizi yake na kuushika mchanga. Kikundi kitakachofika wakati wa maji kupwa kinaweza kupima kutoka kwenye msingi wa Gereza hadi alama ya juu ya maji kujaa, na kuandika tarehe. Shule ikirudia kipimo hicho kila mwaka, mahali pale pale na wakati wa bamvua, itapata mfululizo wa takwimu zake yenyewe.