Uhakiki wa Programu za Kompyuta katika Utafiti wa Lugha za Mbeya na Iringa

1.0 Utangulizi
Mtafiti wa Kinyakyusa au Kihehe hueleza kwa kirefu jinsi alivyowateua watoataarifa wake, lakini aghalabu hukaa kimya kuhusu programu alizotumia kuchambua data. Makala haya yanadai kwamba kuihakiki programu kabla ya kuisakinisha ni sehemu ya mbinu za utafiti. Mambo matatu yatajadiliwa: vitegemezi, usalama na leseni.

2.0 Vitegemezi
Kitegemezi ni kila kinachohitajiwa na programu ili ifanye kazi. Praat, inayochanganua sauti, ni faili moja linalojitosheleza. FLEx, inayotumika kutungia kamusi, katika Windows hutegemea.NET Framework. Ni vema vitegemezi vya namna hiyo vipatikane kabla ya kwenda uwandani. Fonti nayo ni kitegemezi. Kinyakyusa kina irabu saba, na wataalamu huandika mbili kati yake kwa herufi ɨ na ʉ. Fonti isiyo na herufi hizo huonyesha visanduku vitupu. Anayeandika i na u badala yake hufuta tofauti za kifonimu. Charis SIL inazo.

3.0 Usalama
Machi 2024, Andres Freund aligundua mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data inayotegemewa na mifumo mingi ya Linux. Aliyeuingiza alikuwa ameuchangia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo, alama ya uhakiki huthibitisha kwamba faili halikubadilishwa njiani. Haithibitishi uadilifu wa mwandishi wake. Mtafiti hana budi pia kusoma taarifa za kasoro, na kuijaribu programu kwanza katika kompyuta isiyo na data. Sauti ya mzee wa Rungwe anayesimulia habari za ukoo wake ni taarifa binafsi, nayo inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

4.0 Leseni
Neno “bure” hupotosha. Programu ya bure hailipiwi. Programu huria hutoa haki ya kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuisambaza. Praat na ELAN zina leseni ya GPL, hivyo mwanafunzi wa Mbeya aweza kumnakilia mwenzake wa Iringa kihalali. Programu ya kibiashara iliyovunjwa kinga haina ruhusa hiyo, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta pia. Hali kadhalika, Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la 2004 lililoshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, liliwezekana kwa kuwa leseni ya OpenOffice.org iliruhusu tafsiri na marekebisho.

5.0 Hitimisho
Inapendekezwa kwamba kila tasnifu itaje jina la programu, toleo, chanzo, leseni na fonti iliyotumika. Pasipo hayo, kamusi iliyotungwa kwa miaka mingi yaweza kushindwa kufunguliwa na mtafiti ajaye, ilhali baadhi ya wazee waliotoa maneno hayo hawapo tena kuulizwa.