Kabla Hujampeleka Mtoto Kupimwa Akili

Chukua karatasi, andika swali moja unalotaka kipimo kikujibu. Liwe swali linalogusa maisha ya mtoto. Mbona yuko darasa la tatu na bado hajui kusoma? Mbona ametimiza miaka mitatu na hajaweza kuunga maneno mawili? Tangu apate ile degedege kali, kuna kitu kimepungua? Ikiwa swali pekee linalokujia ni "ana akili kiasi gani?", usiende bado. Jibu lake litakuwa namba, na namba iliyotafutwa bila sababu huishia kuwa jina la mtoto nyumbani na shuleni.

Kipimo cha kwanza chenyewe kilitokana na swali linalogusa maisha ya mtoto. Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga mfululizo wa maswali, kutoka mepesi hadi magumu, ili kuwatambua wanafunzi waliokuwa wakiachwa nyuma na masomo ya kawaida na kuhitaji kufundishwa kwa namna nyingine. Binet aliwapinga waliosema akili ya mtoto haiongezeki, akabuni hata mazoezi ya kuwajenga watoto hao umakini na kumbukumbu. Alifariki mwaka 1911. Miaka mitano baadaye Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa toleo lake, na kipimo kilichotungwa kutafuta wa kusaidiwa kikawa pia ngazi ya kuwapanga watu juu na chini. Mzazi anayeingia chumba cha vipimo leo anaweza kuchagua atakitumia kwa nia ipi. Mimi namsihi achague nia ya Binet.

Anza na masikio na macho. Mtoto anayetokwa usaha masikioni mara kwa mara huenda hasikii nusu ya anayoambiwa, na asiyeona ubaoni hunakili makosa. Mpeleke hospitali apimwe kusikia na kuona kabla ya kipimo chochote cha akili. Mweleze daktari pia kama mtoto huwa anaduwaa ghafla kwa sekunde chache kisha anaendelea na mchezo kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu kuna kifafa cha namna hiyo kisichoangusha mtu, na mwalimu hukiona kama uzembe.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kinachopimwa hasa ni ukuaji. Mpimaji hutazama kama anakaa, anatembea, anageukia sauti, anaokota kitu kidogo kwa kidole gumba na cha shahada, anapanga vipande kimoja juu ya kingine. Kipimo cha Bayley hutumika sana duniani, lakini karibu nasi kuna vilivyotungwa kwa watoto wa huku: watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walitengeneza chao cha kutazama mwendo wa mwili na ushirikiano wa macho na mikono, na Malawi wana chao kinachofaa tangu kuzaliwa hadi miaka sita. Matokeo ya umri huu hayatabiri mtoto atafaulu vipi akiwa darasa la saba. Yanakuambia kama kuna mazoezi ya kuanza sasa, na mazoezi yakianza mapema humfaa zaidi. Kama mtoto alizaliwa njiti, mkumbushe mpimaji: kwa kawaida hadi afikishe miaka miwili umri huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Kati ya miaka mitatu na sita, kuwa mgumu kushawishika. Mtoto wa chekechea akiona haya hanyanyui kichwa, akisinzia hajibu, na wiki ijayo huwa mwingine kabisa. Kama hakuna tatizo unaloliona, sioni faida ya kumpima. Kama lipo, taka mpimaji anayekaa naye mkekani na kucheza naye kwanza. Na angalia anampa nini mkononi. Mwanasaikolojia Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza: wa Uingereza waliongoza kwenye kalamu na karatasi, wa Zambia wakaongoza walipopewa waya, kwa sababu kutengeneza magari ya waya ndiyo michezo yao. Kwenye udongo wa kufinyanga walilingana. Basi mtoto ambaye hajawahi kushika penseli asihukumiwe kwa kuchora mtu. Apewe udongo amfinyange.

Kuanzia miaka sita vipimo hupata uthabiti zaidi, na hapa ndipo wazazi wengi hufika, wakiwa na ripoti ya shule mkononi. Kinachojulikana sana ni kile cha David Wechsler, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1949 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa, cha watoto wa miaka 6 hadi 16. Mpimaji hukaa na mtoto mmoja tu, na kazi huchukua kama saa moja au zaidi. Mtoto huunganisha vipande vyekundu na vyeupe vifanane na picha aliyoonyeshwa, hurudia namba alizosomewa, kwanza zilivyo, kisha kinyumenyume, hueleza maana za maneno, hutafuta alama zinazofanana kwa haraka. Kingine, cha John Raven, kilianza mwaka 1938: mtoto huona umbo lililokosa kipande na kuchagua kinachofaa, bila kuhitaji maneno mengi.

Lugha ndiyo mtego mkubwa hapa. Mtoto anayeongea Kisukuma nyumbani, Kiswahili mtaani, na Kiingereza anakisikia kwa mwalimu tu, akiulizwa kwa Kiingereza maana ya neno fulani, anapimwa Kiingereza. Uliza mapema: kipimo kitafanywa kwa lugha gani, na hiyo tafsiri ni ya nani? Mpimaji akisema atatafsiri papo hapo, omba sehemu zinazotegemea maneno zisiingizwe kwenye jumla. Uliza pia mtoto analinganishwa na watoto gani, wa nchi gani, wa mwaka gani. Hilo si jambo dogo. Huko Embu, Kenya, watoto wa miaka saba waliopimwa mwaka 1998 walipata alama za juu zaidi kwa wazi kuliko wenzao wa 1984, ingawa ni eneo lilelile. Lishe ilikuwa imebadilika, na wazazi waliojua kusoma walikuwa wameongezeka.

Kuna jambo lililofanyika Bagamoyo ambalo ningependa kila mpimaji wa kwetu alifuate. Mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwapima wanafunzi wa shule za msingi, wakawafundisha kwa muda mfupi namna ya kuyakabili maswali ya aina ile, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, na mpangilio wa nani yuko juu na nani yuko chini haukubaki ule wa mwanzo. Watoto wengi hawakuwa wamekosa akili. Walikuwa hawajawahi kukutana na swali la namna hiyo. Kwa hiyo mwambie mpimaji waziwazi: "Naomba baada ya kumpima umwelekeze kidogo, kisha uone anapokeaje." Jinsi mtoto anavyopokea maelekezo itamfaa mwalimu wake kuliko jumla ya alama.

Kijana wa sekondari mshirikishe. Mweleze kwa nini anapimwa, akubali mwenyewe, na matokeo asomewe yeye, si wewe peke yako nyuma ya mlango. Usimchagulie masomo kwa namba hiyo.

Siku yenyewe, mtoto awe amelala vizuri na amekunywa chai. Kama ana homa, ahirisha. Miwani isisahaulike. Usimfundishe maswali uliyoyaokota mtandaoni, na usimwambie "leo usiniaibishe". Mwambie kuna mtu atacheza naye na kumuuliza maswali, mengine ni magumu kwa kila mtoto, na akishindwa aseme tu hajui. Beba cheti cha kuzaliwa, maana alama huhesabiwa kwa kulinganisha na watoto wa umri uleule, wakipangwa katika makundi ya miezi michache. Kama shuleni aliandikishwa kwa tarehe ya kubahatisha, ikipishana mwaka mzima, matokeo yote yamepinda. Beba pia kadi ya kliniki na madaftari yake mawili matatu.

Taarifa ikitoka, usikimbilie namba. Wastani umewekwa kuwa 100, na takriban theluthi mbili ya watoto huangukia kati ya 85 na 115. Aliyepata 88 huenda kesho angepata 92 au 84, kwa hiyo dai upewe masafa. Na ikiwa jumla iko chini ya 70, hilo peke yake halitoshi kusema mtoto ana ulemavu wa akili. Lazima itazamwe pia namna anavyojimudu: anavaa, anatumwa dukani akarudi na chenji, anajua kuomba msaada? Maswali hayo unayajibu wewe mzazi, na usiyapambe.

Kisha soma kipande kwa kipande. Mtoto aliyefanya vizuri kwenye maumbo na akashindwa kurudia namba huenda hashiki maagizo marefu. Mwalimu ampe agizo moja, alitekeleze, ndipo ampe la pili. Usiondoke kabla mpimaji hajakuandikia, kwa lugha mwalimu atakayoielewa, mambo mawili au matatu ya kufanywa darasani.

Kama hujui pa kuanzia, Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu tangu mwaka 1984. Tanzania anzia kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri yako, au hospitali ya rufaa. Taarifa itunze kwenye faili moja na cheti cha kuzaliwa. Na kama imethibitisha mahitaji maalumu, mpelekee mwalimu mkuu nakala kabla ya usajili wa mitihani ya taifa, kwa sababu maombi ya kuongezewa muda hupitia shuleni, na yakichelewa mtoto ataingia chumba cha mtihani kama wengine.