Mji Mkongwe wa Unguja

Fungueni ramani ya Afrika. Wekeni kidole juu ya Walikale, penye mto Lowa. Mto huo unateremka kutoka milima iliyo magharibi ya ziwa Kivu, unapita katika mwitu mkubwa, halafu unaingia katika Lualaba. Sasa fuateni Lualaba kwenda kusini, kinyume cha mwendo wa maji, mpaka Nyangwe na Kasongo katika Maniema, jirani ya Walikale. Kutoka huko pelekeni kidole mashariki. Vukeni ziwa Tanganyika mpaka Ujiji, piteni Tabora, mfike Bagamoyo kando ya bahari. Mbele ya Bagamoyo kuna kisiwa. Hicho ndicho Unguja, na mji wake mkubwa unaitwa Zanzibar.

Kidole kimemaliza safari upesi. Zamani watu waliimaliza kwa miezi mingi, kwa miguu, na mizigo kichwani.

Yapata mwaka 1840 Seyyid Said, sultani wa Oman, aliacha mji wake wa Maskati akahamia Unguja. Tangu hapo Zanzibar ukawa mji mkuu wa utawala wake. Masultani walikaa huko mpaka mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Mwaka huo huo Unguja na Pemba zikaungana na Tanganyika, na nchi ikaitwa Tanzania. Sehemu ya zamani ya mji inaitwa Mji Mkongwe. Tangu mwaka 2000 imeandikwa katika orodha ya mahali panapolindwa kwa ajili ya watu wa dunia yote, na wageni wengi huja kuitazama.

Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo hutoka baharini, na kwa chokaa. Dari zimeshikwa na boriti za mikoko, miti inayoota katika maji ya chumvi. Miti hiyo ni migumu lakini si mirefu, ndiyo sababu vyumba vingi ni vyembamba. Njia pia ni nyembamba. Gari haliwezi kupita katika nyingi. Mgeni hupotea mara moja, lakini hapotei sana, maana akiendelea kutembea mwishowe huona bahari au barabara kubwa. Milango ndiyo fahari ya mji. Ni ya mbao nzito, imechorwa maua na minyororo, na mingine ina misumari mikubwa ya shaba nyeupe au nyekundu.

Karibu na bandari kuna Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, mahali palipokuwa kanisa la Wareno hao. Kuta zake ni nene, wala hazina uzuri mwingi.

Jirani yake ni Beit al-Ajaib, maana yake Nyumba ya Maajabu. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883. Ilikuwa ndefu kupita nyumba zote za mji, yenye vibaraza vipana pande zote na nguzo za chuma, na ilikuwa ya kwanza huko kuwashwa taa za umeme. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga jumba la sultani lililokuwa karibu. Vita hivyo havikutimiza saa moja, na watu mamia walikufa. Nyumba ya Maajabu ilibaki imesimama. Kumbe, adui yake alikuwa mvua na uzee! Tarehe 25 Desemba 2020, wakati mafundi walipokuwa wakiitengeneza, sehemu yake kubwa ilianguka, na watu wawili wakafa.

Fedha za kujenga majumba hayo zilitoka wapi? Kisiwa ni kidogo. Hakina dhahabu wala almasi. Kilikuwa na karafuu, na mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa. Tena kilikuwa na pembe za tembo, lakini tembo hawakukaa kisiwani. Walikaa bara, na wengi walikaa Maniema. Pembe zilinunuliwa au kunyang'anywa huko, zikabebwa na watu mpaka pwani, zikauzwa Ulaya na Marekani ili kufanya vitana, mipira ya kuchezea na meno ya piano. Pembe moja kubwa yaweza kupita kilo 30. Aliyeibeba, akiwa mpagazi wa mshahara, alirudi kwao. Akiwa mtumwa, mara nyingi hakurudi.

Katika mtaa wa Shangani kuna nyumba yenye mlango mzuri wa kuchorwa. Ilikuwa ya Hamed bin Muhammed, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Wasimulizi husema kwamba jina hilo linaiga mlio wa bunduki zake. Kwa miaka mingi alitawala Kasongo na nchi za kando ya Lualaba, na mwaka 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya mkubwa wa serikali katika Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Baadaye alirudi Unguja, akaandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Alikufa katika mji huo mwaka 1905. Mtoto wa Walikale akisimama mbele ya mlango ule, haoni kitu kigeni. Anaona mahali palipofikia mali ya jirani zake.

Toka Shangani nendeni kwa miguu mpaka Mkunazini, upande wa pili wa Mji Mkongwe. Njiani mtaona minara miwili ya kanisa katoliki la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na mapadri wa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19. Mapadri Weupe wa kwanza waliokwenda bara walifikia kisiwa hiki mwaka 1878, wakavuka mpaka Bagamoyo, wakashika njia ile ile ya wapagazi.

Mkunazini ndipo palipokuwa soko la watumwa. Wanaume, wanawake na watoto walipangwa kwa safu wakanunuliwa kama mbuzi. Mwezi wa Juni 1873 sultani Barghash, akishurutishwa na Waingereza, aliamuru soko lifungwe. Wamisionari Waanglikana wakapata kiwanja, na siku ya Noeli mwaka huo jiwe la kwanza la kanisa lao likawekwa. Altare imewekwa mahali ambapo, kwa masimulizi, palikuwa na mti wa kuwafungia watumwa na kuwapiga viboko. Sakafuni pana duara ya marmari ya kuonyesha mahali penyewe. Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi, alikuwa pia mwanafunzi mkubwa wa Kiswahili. Alitunga kitabu cha sarufi, akatafsiri Injili. Amezikwa nyuma ya altare hiyo.

Wenyeji wana kisa kimoja cha kuchekesha juu ya kanisa hilo. Karibu na mlango pana nguzo zilizosimamishwa juu chini. Husema kwamba askofu alisafiri, na mafundi hawakujua upande gani ni wa juu. Aliporudi aliziacha vile vile.

Nje ya kanisa kicheko hukoma. Katika shimo la mawe pana sanamu tano za watu, zilizochongwa na mwanamke wa Uswidi katika miaka ya 1990. Wamesimama kimya, na shingoni wamevaa mnyororo wa kweli wa siku zile. Hakuna majina. Watumwa wengi wa soko hilo walitoka upande wa ziwa Nyasa. Wengine walitoka ng'ambo ya Tanganyika.

Mwongozi wa mahali hapo huwaeleza wageni wa Ulaya kwa Kiingereza au Kifaransa. Mgeni wa Masisi hahitaji mkalimani. Misafara iliyochukua pembe na watu ilipeleka Kiswahili mpaka Kasongo na Kisangani, na kutoka huko kikaenea. Atakuta maneno machache tu ya tofauti. Akiagiza sombe kwa chakula cha mchana, mama mpishi atamtazama kidogo, halafu atacheka na kusema: "Ah, baba, unataka kisamvu!"

Maswali

1. Taja mito, ziwa na miji iliyo katika njia ya kutoka Walikale mpaka Unguja.
2. Kwa nini vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba?
3. Eleza jinsi pembe ya tembo wa Maniema ilivyosaidia kujenga nyumba kisiwani.
4. Kiswahili kilifikaje Kisangani?
5. Ulizeni wazee wa kwenu: wanakumbuka masimulizi gani ya nyakati za misafara? Andikeni mistari kumi.