Dondoo muhimu: Kutoka Misikhu hadi Makavazi ya Kitale

Siku moja inatosha kuwapeleka watoto makavazi ya Kitale na kurudi, mradi mpange mapema.

• Ondokeni asubuhi, na mpatane nauli ya watoto kabla ya kupanda matatu, si mkishafika Kiminini njiani.

• Beba kitambulisho, maana Mkenya hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni. Weka pesa kwenye simu pia.

• Wasimulie watoto njiani: mkusanyiko ulianzishwa na Mwingereza Hugh Stoneham mwaka wa 1926, na makavazi yenyewe yakafunguliwa mjini mwaka wa 1974.

• Mkifika, msikimbilie nyoka na mamba wanaofugwa hapo. Hapo ndipo wengi hukosea: mtoto akishaona mamba, harudi tena kutazama vyombo vya kale wala wadudu waliohifadhiwa. Anzeni ndani.

• Mchukueni nyanya au babu. Kwenye nyumba za kienyeji zilizojengwa uani mwa makavazi atawaeleza wajukuu mambo ambayo hakuna kibao kinachoyasema, msimharakishe.

• Vaeni viatu vya kufunga, si slipa. Njia ya msituni iliyo kwenye eneo la makavazi huteleza baada ya mvua.

• Usigonge vioo vya nyoka, na usimwinue mtoto juu ya ukuta wa mamba.

• Chetambe iachieni siku nyingine. Kilima hicho cha Webuye, ambako Wabukusu walipambana na jeshi la Waingereza mwaka wa 1895, kinahitaji kofia, maji ya kutosha na mwenyeji anayeijua njia.